Programu ya simu inapokuwa kifaa tiba

Kifaa tiba si lazima kiwe na waya au sindano. Kwa sheria za Marekani na za Ulaya, programu ya simu nayo huhesabiwa kifaa tiba pale mtengenezaji anaposema inapima, inatambua au inasaidia kutibu ugonjwa. Kinachoangaliwa kwanza ni kazi aliyoitangaza mwenyewe, iwe kwenye ukurasa wa kupakulia, kwenye tangazo au kwenye maelekezo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ina mfano mwepesi: programu ya kuwasha taa ya simu ni tochi tu. Ikinadiwa kuwa taa ya daktari kuchunguzia wagonjwa, inahesabiwa pamoja na vyombo vya kuchunguzia macho. Taa ni ile ile.

Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri ni cha uChek, programu ya Biosense Technologies ya India. Mtumiaji alichovya stripu, yaani kijikaratasi cha kipimo chenye viraka vinavyobadilika rangi, kwenye mkojo, akaipiga picha, simu ikasoma rangi na kutoa majibu ya sukari, protini na vipimo vingine. Stripu zenyewe, za Bayer na Siemens, zilikuwa na ruhusa tayari. Lakini Mei 2013 FDA iliiandikia kampuni barua: stripu hizo ziliruhusiwa zisomwe kwa macho. Simu ikishika nafasi ya macho, imekuwa mashine ya kusomea, na mfumo mzima unahitaji ruhusa yake.

Huo haukuwa urasimu mtupu. Kila kiraka cha stripu kina sekunde zake za kusomwa, na ukichelewa rangi inaendelea kubadilika. Balbu ya njano huipotosha rangi, na kamera nyingi za simu hurekebisha rangi zenyewe bila kukuuliza. Mtu mzima wa afya anaweza kuonekana ana sukari kwenye mkojo kwa sababu ya taa ya sebuleni.

Marekani ina madaraja matatu ya hatari, I hadi III. Programu nyingi za kupima huangukia daraja la II na hupitia njia iitwayo 510(k), ambapo unathibitisha kuwa chako kinalingana na kifaa kilichokwisha kuruhusiwa. Kisipokuwepo cha kulinganisha nacho, na hatari si kubwa mno, kuna De Novo; ndiyo njia iliyopitiwa na programu ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya saa ya Apple mwaka 2018. Daraja la III lina PMA, njia ya kuomba idhini kabla ya kuuza, na hiyo peke yake ndiyo FDA huiita idhini kamili. Kampuni ikijisifu kuwa “imesajiliwa na FDA”, usibabaike: kusajili kiwanda na kuorodhesha bidhaa si kupitishwa.

Ulaya ilikaza kamba tarehe 26 Mei 2021, kanuni mpya za vifaa tiba zilipoanza kutumika. Kanuni ya 11 inaweka programu inayotoa taarifa za kuamulia uchunguzi au matibabu kwenye daraja IIa au zaidi, na hapo lazima taasisi huru ya ukaguzi ihusike. Tazama alama ya CE, inayoonyesha bidhaa inatimiza masharti ya Ulaya: ikifuatwa na tarakimu nne, hiyo ni namba ya taasisi hiyo. Isipokuwa nazo, kwa kawaida mtengenezaji amejithibitishia mwenyewe. Nchini Tanzania, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hupanga vifaa tiba kwa madaraja A hadi D.

Jalada la maombi huanza na sentensi ya matumizi yaliyokusudiwa: inapima nini, kwa nani, nani anasoma majibu. Ikiwa pana mno, kila neno la ziada litadaiwa ushahidi wake wa kitabibu. Hufuata uchambuzi wa hatari na kumbukumbu za utengenezaji wa programu, kwa viwango vya kimataifa vya ISO 14971 na IEC 62304.

Wengi hukwama baada ya ruhusa. Kurekebisha tahajia kwenye skrini hakuna shida, lakini ukibadili hesabu inayotoa majibu, huenda ukalazimika kuomba upya. Na mfumo wa simu ukisasishwa usiku, kamera ikaanza kung’arisha picha kivyake, mwenye programu ndiye wa kupima tena, hata kama hakugusa mstari mmoja wa msimbo wa programu yake.