Konstantinopoli 1453: tunayosimuliwa, na waliyoyaandika wenyewe

Dhana: Waandishi wa Kigiriki waliosimulia jinsi Waturuki wa Sultani Mehmed II walivyoutwaa mji wa Konstantinopoli (leo Istanbul) walikuwa "Wabizanti".

Ukweli: Hakuna aliyejiita hivyo. Waliandika Kigiriki, lakini dola yao ilikuwa ya Warumi na kaisari wao alikuwa wa Warumi. Jina la Bizanti lilianza kushika baada ya msomi Mjerumani, Hieronymus Wolf, kuchapa mkusanyo wa historia zao mwaka 1557, dola yenyewe ikiwa imekufa zaidi ya miaka mia. Waswahili hatukuhitaji kusahihishwa: utenzi wa Pate wa mwaka 1728 unamjua Herekali, kaisari wa dola hiyo, kuwa ni wa Rumi.

Dhana: Walishuhudia mji ukitekwa.

Ukweli: Wanaotegemewa zaidi ni wanne: Doukas, Chalkokondyles, Kritoboulos na Sphrantzes. Aliyekuwamo ndani ya kuta ni Sphrantzes peke yake, mtu wa ndani wa kaisari Constantine XI, na ndiye aliyeandika machache kuliko wote. Kaisari alimtaka ajumlishe orodha za wanaume wanaoweza kushika silaha. Akapata Wagiriki 4,773 na wageni kama 200. Hesabu hiyo akaamriwa asimwambie mtu.

Kisha inafika Jumanne, 29 Mei. Sphrantzes anasema: Sultani ametwaa mji, bwana wangu ameuawa, nami sikuwa karibu naye saa ile kwa kuwa alikuwa amenituma sehemu nyingine. Maelezo yake ya siku hiyo ni kama hayo tu. Yanayofuata ni utumwa, kukombolewa, na kuwasaka mke na watoto. Mwanawe wa kiume aliuawa mwaka huohuo. Bintiye Thamar alifia ndani ya kasri la Sultani mwaka 1455, kwa maradhi. Baba mtu aliishia kuwa mtawa huko Corfu.

Je, ile hotuba ndefu ya kaisari kabla ya shambulio la mwisho, inayonukuliwa kwa jina la Sphrantzes? Si yake. Katika karne ya 16 askofu Makarios Melissenos aliichukua kumbukumbu yake fupi, akaitia nyama, akaacha jina la marehemu juu.

Dhana: Mji uliponzwa na kijilango kilichosahauliwa wazi.

Ukweli: Kisa cha kijilango hicho, Kerkoporta, kinatoka kwa Doukas, ambaye hakuwapo, alikuwa akiwatumikia mabwana wa Kigenoa wa Lesbos. Kinasimulika vizuri, ndiyo maana hakifi. Lakini rudi kwenye zile 4,773, weka mbele yake mizinga ya Sultani iliyoponda kuta kwa wiki kadhaa, kisha kamanda Giustiniani akajeruhiwa na watu wake wakarudi nyuma. Mlango wa nini tena?

Dhana: Wote waliandika kwa chuki dhidi ya Waturuki.

Ukweli: Doukas, naam, kalamu yake ni kali. Chalkokondyles wa Athens aliipa kupanda kwa Waturuki nafasi kubwa kama kuanguka kwa Wagiriki. Kritoboulos wa Imbros akaenda mbali zaidi: alimtunukia Mehmed II historia yake, huku akiwaomba Wagiriki wenzake wasimlaumu kwa kuyaandika maafa yao. Sultani alimwachia utawala wa kisiwa chake. Mswada alioandika kwa mkono wake mwenyewe ungalipo Istanbul, katika maktaba ya kasri la Topkapı.