Sanduku la zana la marehemu baba: tuliyodhani na yalivyo

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga, upande wa korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge kupata nyuzi. Alipofariki tuligawana vitu vyake bila ugomvi, ila sanduku la zana hakuna aliyelitaka, likaishia kwangu. Kulinyanyua ni kazi ya watu wawili. Kila aliyechungulia ndani alikuwa na la kusema, na mengi yaliyosemwa, yangu yakiwemo, hayakuwa sawa.

"Hizi spana namba zake ni za uongo."

Hilo alilisema kaka, na kwa macho tu utamkubalia. Spana imeandikwa 3/8 W, lakini mdomo wake una karibu milimita 18, na inchi 3/8 ni milimita 9.5 tu. Kumbe namba ni ya kweli, sisi ndio hatukujua inapima nini. W ni Whitworth, yaani Joseph Whitworth, mhandisi Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 kwamba thredi za bolti, yaani yale meno yake ya mzunguko, ziwe na vipimo vya aina moja nchini kote. Spana za mfumo wake hutajwa kwa unene wa bolti, si kwa upana wa nati. Ndiyo maana spana moja inaweza kuandikwa 7/16 W na papo hapo 1/2 BSF (British Standard Fine, thredi za Kiingereza zenye meno ya karibukaribu zaidi): bolti mbili tofauti, nati zenye upana mmoja.

Ukizitupa hizo, siku utakapokutana na mashine ya zamani ya Kiingereza utabaki kuzungusha spana ya milimita mpaka pembe za nati ziishe. Na wala mfumo wenyewe haujafa. Thredi za bomba la chuma la maji nyumbani kwako zimetokana nao, zina pembe ya nyuzi 55, wakati bolti za milimita na za Kimarekani zina nyuzi 60. Bolti ya 3/8 ya Whitworth na ya 3/8 ya Kimarekani zote zina meno 16 kwa inchi, kwa hiyo huingiana vizuri tu, na hapo ndipo zinapomponza fundi: meno hayakalii sawasawa.

"Tapu tatu za namba moja? Mbili ni za akiba."

Tapu ni kile chuma cha kukatia thredi ndani ya tundu. Ukikuta tatu zimeandikwa M8, yaani za bolti ya milimita 8, usimpe jirani mbili. Ni seti. Angalia shina: mara nyingi ya kwanza ina mkwaruzo mmoja wa mviringo, ya pili miwili, ya mwisho haina. Ya kwanza imechongoka ili ipate njia, ya pili inaongeza kina, ya tatu inamaliza mpaka chini ya tundu. Katika seti nyingi za namna hiyo mbili za mwanzo ni nyembamba kidogo kuliko kipimo kilichoandikwa, hivyo ukitumia ya kwanza peke yake bolti itagoma kuingia. Tundu lenyewe, kwa M8 ya kawaida, hutobolewa kwa milimita 6.8.

"Pande hili zito ni fuawe."

Hapa mkosaji ni mimi. Lilikuwa pande la chuma cha kusubu, juu bapa kama kioo, chini lina mbavu, limefungwa kwenye gunia lililolowa grisi. Nikalipeleka uani, nikanyooshea misumari juu yake karibu mwezi mzima. Gunia na grisi vingenitosha kujua. Nani hufunga fuawe kwenye grisi?

Lilikuwa bapa la kupimia unyoofu. Ukilielekeza kwenye mwanga unaona madoa madogo yamepangana kama magamba ya samaki. Kila doa ni alama ya mkono wa fundi aliyekwangua chuma kidogo kidogo. Whitworth huyohuyo alieleza mwaka 1840 jinsi ya kupata uso ulionyooka kweli: unahitaji mabapa matatu. Ukisuguanisha mawili tu yanaweza kukubaliana kabisa, moja likiwa limebinuka na jingine limebonyea. La tatu ndilo linalowaumbua, maana haliwezi kukubaliana na yote mawili ila yote yakiwa yamenyooka.

Langu sasa lina vidonda vya nyundo pembeni. Katikati pamesalimika.

"Imeandikwa CAST STEEL, hiyo itakatika."

Watu wanafikiria chuma cha kusubu, kile cha sufuria ya miguu mitatu. Sivyo. Kwenye tindo na patasi za zamani maneno hayo yalikuwa sifa: chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya chungu, njia aliyoanzisha Benjamin Huntsman, fundi saa wa Doncaster aliyehamia karibu na Sheffield miaka ya 1740, kwa sababu springi za saa zake zilikuwa zikimwangusha. Na HSS (high-speed steel), alama nyingine utakayoikuta kwenye zana, nayo si jina la kampuni. Ni aina ya chuma kinachoendelea kukata hata kikipata moto. Vile vipande vifupi vya pembe nne vyenye ncha iliyonolewa ni visu vya mashine ya kukereza, si mabaki ya kupelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

"Kutu ni ya kupiga grenda."

Grenda itaondoa kutu pamoja na maandishi, na maandishi ndiyo uliyokuwa unayatafuta. Loweka kwenye siki usiku mmoja, piga brashi, suuza kwa maji ya magadi kuua asidi, kausha juani, paka mafuta.

"Kisichokuwa na alama yoyote hakina jina."

Kilibaki kimoja: spoku ya baiskeli, ncha imezungushwa kama mkia wa nguruwe, imechomelewa kwenye bolti iliyowekwa mpini wa mti. Nilimpelekea mzee mmoja aliyejifunza kazi kwa baba. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kwenye pampu iliyokuwa inavuja mbele ya karakana yake, akafungua nati ya shingo, akaskrubu ile ncha ndani, akavuta. Ikatoka kamba ya zamani yenye grisi, ile ya kuzuia maji yasivuje, nyeusi, ndefu kama mkono.

"Hii ni yangu," akasema. "Baba yako aliiazima."