Kwa nini Zuhura haikeshi angani

Zuhura, ambayo wengine huiita Ng'andu, ni sayari ya pili kutoka kwenye Jua. Ukiacha Jua lenyewe na Mwezi, hakuna sayari wala nyota inayong'aa kuishinda. Mtu wa Mtwara au Lindi haihitaji darubini kuiona, ila Zuhura ina saa zake. Kuna miezi inawaka magharibi mara Jua linapotua, kuna miezi inachomoza baharini kabla ya alfajiri, na kuna wiki haionekani kabisa. Usiku wa manane, huku kwetu, haionekani kamwe.

Sababu ni njia yake. Dunia hulizunguka Jua kwa umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Zuhura iko ndani zaidi, kwenye kilomita milioni 108, na mzunguko wake mmoja huchukua siku 225. Sisi tunaitazama tukiwa nje ya duara lake. Chukua mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mkorosho: ukisimama mahali kamba isipofika, utamwona kushoto kwa mti, kulia, mbele au nyuma yake, lakini hutageuka umkute mgongoni kwako. Kamba ya Zuhura, kwa jinsi tunavyoiona angani, haizidi nyuzi 47 kutoka kwenye Jua. Nyoosha mkono mbele na ukunje ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10, basi mwisho wa kamba ni ngumi nne na nusu, au tano kasoro.

Anga nalo huonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa. Zuhura ikiwa mwisho wa kamba hubaki saa tatu na ushei baada ya Jua kutua, au hutangulia kwa muda kama huo kabla halijachomoza. Siku nyingine zote ni pungufu ya hapo. Ndiyo maana saa nne usiku ni nadra kuikuta, na saa sita Jua liko chini ya miguu yetu, nayo Zuhura iko huko huko.

Kusini tuna bahati katika hili. Mtwara iko nyuzi 10 tu kusini ya Ikweta, na Jua huzama karibu wima. Giza huingia upesi, na Zuhura iliyo mbali na Jua inabaki juu kabisa ya minazi. Ulaya kuna majira ambayo iko mbali na Jua vilevile, lakini imeinamia upeo wa macho hadi inafichwa na mapaa ya nyumba. Zamu ya alfajiri ndiyo nzuri zaidi kwetu, kwa maoni yangu: Msimbati au Kilwa bahari iko mashariki, hakuna mti wala jengo la kuziba, na miezi ya kusi, Juni hadi Oktoba, mvua ni chache.

Zamu zenyewe huenda hivi. Zuhura hukaa jioni kwa miezi minane au tisa, kisha hupita kati yetu na Jua na kutoweka kwa siku chache. Hurudi alfajiri kwa muda kama ule wa jioni, halafu huzunguka nyuma ya Jua na kupotea kwa wiki kadhaa. Mzunguko mzima wa zamu ni siku 584 hivi. Mara chache sana, inapopita kati, huvuka mbele ya Jua lenyewe kama nukta nyeusi. Ilitokea tarehe 8 Juni 2004, mchana wetu, na tena alfajiri ya tarehe 6 Juni 2012. Nyingine ni Desemba 2117, tuwaachie wajukuu wa wajukuu.

Nuru yake kali hutoka kwa mawingu mazito ya asidi ya salfuriki, yanayorudisha karibu robo tatu ya mwanga wa Jua. Chini ya mawingu hayo joto hufika nyuzi 460 za Selsiasi, la kuyeyusha chubwi ya mvuvi iliyotengenezwa kwa risasi. Ukiitazama kwa darubini miezi inapokwenda, utaona inapungua kama Mwezi hadi kuwa hilali, jambo ambalo Galileo aliligundua mwaka 1610. Cha ajabu, hung'aa zaidi ikiwa hilali, kwa sababu wakati huo iko karibu nasi. Subiri Jua lizame kabisa kabla ya kuelekeza darubini upande huo. Kuliangalia Jua kwa darubini hupofusha.

Basi ile inayong'aa saa saba usiku juu ya Lindi ni nini? Mara nyingi ni Mshtarii, ambayo iko nje ya njia ya Dunia na kwa hiyo inaweza kukesha. Yaweza pia kuwa Mirihi, lakini hiyo ina wekundu, au nyota Sirius, ambayo hupepesa sana. Chukua darubini ndogo ya macho mawili na uitulize juu ya ukuta. Ukiona vinukta viwili, vitatu au vinne vimejipanga mstari mmoja ubavuni mwake, hiyo ni Mshtarii na miezi yake mikubwa.