Kikwapa chekundu: nilichokiona nje ya ukumbi wa Swahili Fashion Week

Nashona nguo hapa Ngarenaro, Arusha, mwaka wa 14 sasa, na sikuwahi kuhudhuria wiki ya mitindo hata mara moja hadi Desemba iliyopita. Swahili Fashion Week ipo Dar es Salaam tangu 2008, Mustafa Hassanali alipoianzisha, na kila mwaka nilikuwa na sababu ileile: Desemba ni mwezi wa sare za harusi, siwezi kufunga ofisi. Safari hii nilimwachia funguo mwanafunzi wangu, nikapanda basi la alfajiri.

Ya ndani ya ukumbi sitayasema sana. Ni mazuri, na wabunifu wetu wanastahili kila makofi waliyopigiwa. Ila jukwaani nguo inapita mbele yako kwa sekunde chache tu. Mwanamitindo amenyooka, mikono imelala ubavuni, taa kali. Unaona rangi na wazo la mbunifu. Mimi fundi nataka kuiona nguo ikikaa kwenye kiti, ikipanda bajaji, ikitoka jasho. Hayo yote yako nje, mlangoni, kuanzia saa kumi na moja jioni watu wanapoanza kushuka kwenye magari. Ukienda mara ya kwanza, wahi. Fika saa moja au mbili kabla ya maonyesho, tafuta sehemu yenye kivuli, utulie.

Kazi hii ya kutazama mavazi ya mtaani ina mzee wake, mpiga picha Bill Cunningham wa New York. Kabla ya kushika kamera alikuwa mshona kofia. Mwaka 1978 alimpiga picha mwanamke mmoja barabarani kwa sababu tu ya jinsi bega la koti lake lilivyokatwa, na baadaye ndipo akajua kwamba ni Greta Garbo, yule mwigizaji wa filamu. Aliendelea hivyo juu ya baiskeli, amevaa koti la bluu kama la wafagia barabara wa Paris, hadi alipofariki mwaka 2016. Huyo namhesabu kuwa mwenzetu: jicho lilikwenda begani kwanza, usoni baadaye.

Na mimi nilianza na mabega. Kisha nikaangalia migongo, maana joto la Dar mwezi huo halisamehe. Sisi tuliozoea baridi ya Meru tunasahau. Satini ya poliesta inapendeza sana kwenye picha, lakini baada ya nusu saa imeganda mgongoni na kila mshono unaonekana. Waliovaa pamba walikuwa wanapumua. Kwenye vitenge nilitazama upindo unapogeuka: kitenge kizuri cha wax rangi yake imeingia pande zote mbili, kile cha kuchapwa upande mmoja ndani kimepauka. Halafu natazama zipu ya nyuma, kama ua limekutana na nusu yake au limepishana. Ua kubwa likikutana sawasawa, ujue fundi aliomba kitambaa cha ziada na mteja akamsikiliza.

Dada mmoja alinisimamisha moyo kwa gauni la kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na ukiikata kama kitenge, pindo na jina vinaishia kwenye mabaki. Gauni lile pindo lilizunguka chini lote bila kukatika, na jina lilipita mgongoni chini ya mabega, herufi zote zimekamilika. Nikajiuliza zipu iko wapi. Fundi alikuwa ameihamishia ubavuni ili asikate maneno. Nilimzunguka dada yule mara mbili, nikamwomba ruhusa ya kupiga picha, akakubali. Jambo la ruhusa nalisema kwa uchungu, kwa sababu hapa Arusha tunaona kila siku mama wa Kimaasai akipigwa picha kwa sababu ya shanga zake kama vile hana masikio ya kuulizwa.

Kisha likaja koti. Kijana alitoka nje, koti la suti la kijivu, la kawaida kabisa, nikalipita kwa macho. Akanyanyua mkono kusimamisha bajaji, na kwapani pakafunguka kipande chekundu cha shuka la Kimaasai. Kilichonishangaza zaidi ya rangi ni kwamba koti halikupanda. Koti lenye kwapa lililoshuka sana, ukinyanyua mkono linavutwa lote, kola inakimbilia masikioni. Hili lilitulia.

"Samahani kaka, mimi ni fundi, nimetoka Arusha. Nani amekushonea hili?"

"La mtumba hili, dada. Nilimpelekea mzee mmoja Moshi, karibu na soko la Memorial, akalirekebisha."

Moshi! Basi langu lilipita pale asubuhi ya safari.

Januari nikaenda. Nilimkuta mzee anafumua suruali. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya koti, akaitika tu, "Kikwapa." Ujana wake alishona kanzu, na kanzu, kwa kuwa inakatwa kwa vipande vilivyonyooka, lazima iwekwe kikwapa, kile kipande cha kwapani, ndipo mkono unyanyuke bila kuvuta badani, yaani kiwiliwili cha nguo. Akaonyesha. Unafumua mshono wa chini ya mkono na wa ubavu pale vinapokutana, unaingiza kipande cha pembe nne, pembe moja inaelekea mkononi, nyingine ubavuni. Anakikata mshazari ili kivutike kidogo. Shuka anachagua la pamba, kwa sababu akriliki inachemsha kwapa. Bitana aliigusa pale tu kikwapa kilipoingia.

Koti la mtumba la Ulaya, shuka la Kimaasai, kikwapa cha kanzu. Na picha ya kijana yule naamini ipo kwenye simu za watu wengi walioipiga siku ile, bila jina la mzee hata moja. Wenzetu wa Ulaya wakiweka picha ya mtaani wanataja lebo. Nguo zetu nyingi nzuri hazina lebo, zina fundi. Ukipiga picha, uliza nani ameshona, kisha muulize fundi kama anapenda atajwe, umtaje. Huyu wa Moshi alikataa, ndiyo maana simtaji.

Wiki iliyopita nimemaliza koti la kwanza la namna hiyo, la mwalimu mmoja wa Kaloleni. Nilimsimamisha mbele ya kioo, nikamwambia anyanyue mkono kama anasimamisha daladala. Akanyanyua. Upindo ukabaki palepale.