Rangi ya Chakula na Halali: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

“Kila namba ya E ni nguruwe.” Orodha za namna hii zimezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, na zimewatia watu hofu bure. Namba za E ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti kutaja viambato vya kuongezwa kwenye chakula, na herufi E maana yake ni kwamba kiambato kimesajiliwa Ulaya, basi. Namba 100 hadi 199 ni za rangi. E100 hutolewa kwenye manjano, hii hii tunayopikia. E162 ni ya bitiruti. E102 na E110, ambazo mara nyingi ndizo zilizomo kwenye unga wa rangi ya biriani, hutengenezwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Hakuna mnyama hapo.

“Ikiwa ni rangi ya asili, haina neno.” Hapa ndipo pa kuwa macho. E120 ni ya asili kabisa, na hutokana na mdudu. Anaitwa kochinili, anaishi juu ya mpungate, na Peru ndiyo inayoongoza kwa kumzalisha. Majike hukaushwa na kusagwa ndipo wekundu ule ukapatikana. Nusu kilo moja hukadiriwa kuhitaji wadudu wapatao 70,000. Kwa hiyo kampuni ikiandika “rangi asilia” kwenye mtindi wa stroberi haijasema uongo, lakini wewe hujajua kitu. Geuza kikombe, usome maandishi madogo ya nyuma: carmine, cochineal, Natural Red 4, CI 75470 na E120 vyote ni kitu kimoja. Bidhaa nyingine, hasa za kutoka India, huandika INS 120. Rangi hii hupatikana pia kwenye pipi, aiskrimu, juisi na soseji.

“Ikiwa na nembo ya halali, E120 haimo.” Si lazima. Kwa Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu na wengi walioko Nairobi, wadudu hawaliwi isipokuwa nzige. Hanafi nao wanakataza. Maliki wana nafasi pana zaidi kuhusu wadudu, na huko Indonesia baraza la maulamaa lilitoa fatwa mwaka 2011 kwamba rangi ya kochinili inafaa. Basi pakiti iliyotoka huko inaweza kuwa na nembo ya kweli, iliyotolewa kwa haki, na bado ikawa na kitu ambacho shehe wako wa Eastleigh atakwambia usile. Wala hakuna aliyedanganya. Muulize shehe wako kwa kumtajia jina la rangi yenyewe. Ukimuuliza tu kama “ile pipi” inafaa, atakujibu vipi?

“KEBS wameipitisha, inatosha.” KEBS, yaani shirika la viwango la Kenya, wanaangalia ubora na usalama. Uhalali una taasisi zake, kama Kenya Bureau of Halal Certification.

“Chochote chekundu kina mdudu.” La. Mabuyu yanayouzwa mitaani, yale yanayoacha vidole na ulimi vikiwa vyekundu, kwa kawaida hupakwa rangi ya kiwandani kama E122 au E124. Rangi ya kochinili ni ghali, na mama anayepika mabuyu ya kuuza shilingi chache hana sababu ya kuinunua. Mwombe kwa adabu akuonyeshe kopo la rangi.

“Rangi ikitoka kwenye mmea, kazi imekwisha.” Bado kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. E160a, rangi ya chungwa inayotiwa kwenye siagi ya mimea na vinywaji, yenyewe inaweza kuwa ya mmea, lakini huenda ikafungwa ndani ya geletini ili iyeyuke vizuri. Geletini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng’ombe, nguruwe au samaki, na mara nyingi pakiti haisemi. Namba ya simu ya mtengenezaji huwa kwenye pakiti. Piga, uulize: je, rangi hii imebebwa na geletini? Ya mnyama gani? Alichinjwa vipi?