Kuchora na Kuchonga Husomewa

Watu wengi Dar es Salaam huamini kuchora na kuchonga ni kipaji cha kuzaliwa, na kwamba kusomea chuoni ni kupoteza ada. Si kweli. Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere, kisha Slade, chuo cha sanaa jijini London. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata Edward Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, ambaye hakupitia chuo cha sanaa, alikuwa na wanafunzi.

Chukua mfano wa sanamu ya kichwa cha udongo: bila kiunzi cha waya ndani, shingo hulegea na kidevu huzama kifuani. Hakuna anayezaliwa akijua hilo. Ualimu wa sanaa, kwa maoni yangu, ndio mgumu zaidi: kumwonyesha mwanafunzi kupima umbo kwa penseli, mkono umenyooka, jicho moja limefumbwa, bila kumchorea.