"Fiti tu kwenye karatasi": dhana potofu kuhusu modeli na leiauti

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia ofisini na flashi mkononi. "Shikamoo kaka. Naomba A1 sita, ramani ya nyumba. Fiti tu kwenye karatasi." Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo kuisikia kauli hiyo, na kila aliyeisema aliisema kana kwamba ananipunguzia kazi.

Nina plota, mashine ya kutolea michoro mikubwa kwenye karatasi, hapa Ngamiani, Tanga. Wanaoniletea michoro ni wasanifu majengo, mafundi sanifu wa umeme na maji, na wapima ardhi, na mingi ya michoro hiyo imechorwa vizuri. Inaharibika dakika ya mwisho, wakati wa kuitoa kwenye karatasi, na sababu ni zilezile kila mwezi. Naandika kwa mtu ambaye kuchora kwa AutoCAD anajua tayari, kwa hiyo leya ni nini na bloki ni nini sitaeleza. Nakumbusha tu kwamba modeli ni sehemu ya kuchorea kitu chenyewe, na leiauti ni ukurasa wa kukipangia kabla ya kukiploti, yaani kukitoa kwenye karatasi.

Dhana: Modeli na leiauti zinakufikisha palepale, na modeli ni ya haraka

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu wanaoishikilia ni watu wenye uwezo.

Nilifungua faili la yule kijana. Nyumba ileile ilikuwa imechorwa mara sita, ubavu kwa ubavu, ndani ya modeli: moja ya kuta na milango, moja ya samani, moja ya umeme, moja ya maji safi na maji taka, moja ya paa, moja ya msingi. Kila moja ilizungukwa na fremu ya A1 iliyokuzwa mara 100, yaani fremu yenye urefu wa mita 84.1. Nikamwuliza mlango wa choo cha wageni uko ukuta upi. Akajibu wa korido, mwenye nyumba aliuhamisha mwezi uliopita. Tukaanza kukagua nakala moja moja. Kwenye kuta na kwenye samani mlango uko korido. Kwenye umeme na kwenye maji bado uko sebuleni, na swichi ya taa imekaa vizuri kabisa pembeni ya mlango ambao haupo tena. Fundi umeme angefuata karatasi aliyopewa, angechimba ukuta wa sebule, na asingekuwa na kosa lolote.

Nyumba ni moja. Ichorwe mara moja, ndani ya modeli, kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa mita nne uwe mita nne. Leiauti ni karatasi yenyewe, kwa milimita zake: A1 ni 841 kwa 594, fremu haikuzwi, herufi za taito bloki (kisanduku cha jina la mchoro na skeli yake) zenye kimo cha milimita 2.5 zinaandikwa 2.5. Kati ya nyumba na karatasi kuna vyupoti, tundu ambalo kupitia kwake karatasi inaiona nyumba, na skeli inakaa hapo tu. Haimo kwenye nyumba, haimo kwenye fremu.

Ukilielewa hilo, karatasi sita ni leiauti sita zinazoitazama nyumba moja. Kwenye leiauti ya umeme unafrizi, yaani unaficha, leya za mabomba na samani ndani ya vyupoti ile peke yake. Kwenye ya maji unafrizi nyaya. Mlango ukihama, unahama mara moja na karatasi zote sita zinapata habari. Ukitaka ngazi ionekane kwa 1:20 pembeni ya ramani ya 1:100, unaongeza vyupoti ya pili kwenye karatasi hiyohiyo. Kwenye modeli ungelazimika kunakili ngazi, kuikuza mara tano, kisha kudanganya vipimo vyake ili visome sawa. Nimeona ngazi yenye kimo cha hatua cha milimita 875 kwa sababu mtu alisahau kudanganya. Hatua ilikuwa 175.

Kuna wakati njia hii ya kukuza fremu ilikuwa ndiyo njia. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na pepa speisi, yaani eneo la karatasi ambamo leiauti hukaa, haikuwamo mpaka toleo la 11, mwaka 1990. Hata hapo faili lilikuwa na pepa speisi moja tu; leiauti nyingi ndani ya faili moja zilikuja na AutoCAD 2000. Waliojifunza kabla ya hapo walizidisha kwa mia kwa sababu hawakuwa na namna nyingine, wakawafundisha vijana wao hivyo, na vijana hao ndio walimu wa leo. Simlaumu mtu. Lakini kijana wa Jumamosi amerithi dawa ya ugonjwa uliopona kabla hajazaliwa.

Sasa hiyo "fiti". Ukiichagua, programu inachukua mchoro na kuubana mpaka uenee kwenye karatasi, kwa skeli yoyote itakayotokea. Miaka miwili iliyopita nilitoa A3 ya nyumba ndogo ya upande wa Sahare, kwa fiti, kama nilivyoombwa. Taito bloki ilisema 1:100. Kibaraza hakikuwa na kipimo kilichoandikwa. Fundi akiwa saiti akaweka rula ya skeli juu ya karatasi, akasoma mita 3.44, akaiandika kwa penseli pembeni. Kwenye faili kibaraza kilikuwa mita 4.00 kamili. Karatasi ilikuwa imetoka kwa 1:116, skeli isiyokuwepo kwenye rula yoyote duniani. Nondo za milimita 12 zilikuwa zimeshakatwa, vipande 22, na kila kipande kimepungua sentimita 56. Alikuja ofisini na kipande kimoja mkononi na ramani imekunjwa mara nne, ina alama za vidole vya saruji, na ile 3.44 inasomeka wazi.

Watu huniambia fundi hatakiwi kupima kwenye karatasi, afuate kipimo kilichoandikwa. Ni kweli, na ni vizuri kuandika hivyo kwenye taito bloki. Ila kipimo kikikosekana saa nne asubuhi, zege linasubiri na vibarua wamesimama, atapima. Karatasi inayosema 1:100 lazima iwe 1:100.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na sitoi mchoro nje yake siku hizi bila kubishana kwanza. Leiauti inaplotiwa kwa 1:1, eneo la kuploti ni leiauti yenyewe. Ukichagua fiti ndani ya leiauti umerudi kulekule, kwa hiyo usiguse. Skeli unaiweka kwenye vyupoti, kisha unailoki papo hapo. Papo hapo, kabla ya kufanya kitu kingine. Vyupoti isiyolokiwa ukiingia ndani na kuzungusha gurudumu la mausi, skeli imeshakwenda, na kwa macho huioni. Mwisho, chora kwenye kila leiauti mstari wa milimita 100 chini ya taito bloki. Karatasi ikitoka, weka rula. Ikisoma 100, ondoka nayo. Ikisoma 94, irudishe mezani kwangu tutafute kosa liko wapi. Mstari huo unachorwa mara moja kwenye tempuleti na unakufuata maisha yako yote.

Dhana: Leiauti haikubali mchoro wa mita

Hii naisikia zaidi kwa wapima. Wanachora kwa mita, na ni sawa, ndivyo kazi yao inavyotaka. Wanafika kwenye leiauti, wanachagua 1:500 kwenye orodha ya skeli, na kiwanja kinageuka nukta. Wanarudi modeli wakiwa wamekasirika.

Orodha ile haijui kwamba yuniti yako ni mita. Inahesabu yuniti ya karatasi dhidi ya yuniti ya mchoro: milimita moja kwa yuniti 500, ambazo kwako ni mita 500. Gawa 1000 kwa skeli unayoitaka na tumia jibu. Kwa 1:100 ni 10xp (xp ni ukuzaji unaohesabiwa dhidi ya karatasi), kwa 1:500 ni 2xp, kwa 1:1000 ni 1xp, kwa 1:2500 ni 0.4xp. Ingia ndani ya vyupoti, zumu, andika namba hiyo na herufi zake mbili, bonyeza enta. Ukitaka, jitengenezee skeli hizo kwenye orodha na uzipe majina yake ya kweli. Usibadilishe mchoro wote kuwa milimita kwa ajili ya kuploti. Kiwanja cha hapa Tanga kwenye koodineti za UTM (gridi ya dunia inayopimwa kwa mita), kanda ya 37 kusini, kina mashariki ya mita laki tano na kitu na kaskazini ya zaidi ya mita milioni tisa. Zidisha hizo kwa elfu uone programu inavyoanza kuyumba na hachi, ile mistari ya kujazia maeneo, zinavyokataa kujaa.

Dhana: Kiwanja kikikaa mshazari, zungusha mchoro ukae sawa na karatasi

Naomba sana, usizungushe. Ukishazungusha, kila bikoni (alama ya kona ya kiwanja) imepoteza koodineti zake, na atakayechukua faili hilo kesho kwenda kuweka vigingi ataviweka kwenye kiwanja cha jirani. Nimeletewa mara mbili mwaka huu faili la namna hiyo, na mara zote mbili mwenye faili hakuwa amehifadhi la awali.

Kinachozungushwa ni mtazamo. Ingia ndani ya vyupoti, weka UCS mpya (mhimili wa koodineti wa kwako mwenyewe) ifuate mpaka mmoja wa kiwanja, kisha toa amri ya PLAN, inayogeuza mtazamo uifuate UCS hiyo. Kiwanja kitalala sawa na ukingo wa karatasi na koodineti za dunia hazitaguswa. PLAN inavuruga zumu, kwa hiyo rudisha skeli baada yake, ndipo uloki. Na mshale wa kaskazini uwe ndani ya modeli ili uzunguke pamoja na kiwanja. Mshale uliowekwa kwenye leiauti kwa kubahatisha utaonyesha kaskazini ya karatasi.

Dhana: Leiauti inaharibu mistari ya dashi

Haiharibu. Uliweka LTSCALE, kizidishi cha urefu wa dashi, kuwa 100 ili dashi zionekane modeli, ukahamia leiauti ambako PSLTSCALE (mpangilio wa dashi za leiauti) ni 1, na dashi sasa zinahesabiwa kwa milimita za karatasi. Dashi ya milimita 12.7 imekuwa ya mita 1.27, ndefu kuliko A0 nzima, kwa hiyo unaona mstari mzima. Rudisha LTSCALE iwe 1, toa REGENALL (amri ya kuonyesha mchoro upya), kwisha. Ukitaka dashi zionekane na modeli pia, MSLTSCALE (mpangilio huohuo kwa upande wa modeli) iwe 1 na skeli ya maandishi ya modeli iwe ile utakayoplotia.

Dhana: A1 ikipunguzwa, chagua karatasi yoyote

A1 kwenda A3 ni nusu kamili: 1:100 inakuwa 1:200 na rula inaweza kusoma. A1 kwenda A2 inakupa 1:141, ambayo haipimiki na chochote. Ukijua kazi itasambazwa kwa A3, andika kwenye taito bloki skeli mbili, ya A1 na ya A3, na uweke mstari wa skeli wa kuchora. Huo unapungua pamoja na mchoro na unabaki kusema kweli. Na ukiprinti PDF, hakikisha umechagua ukubwa halisi. Programu nyingi za kusoma PDF huja zikiwa zimewekwa kufiti, na hapo ndipo zile 94 zinapotoka.

Dhana: Vipimo vyote viwekwe leiauti

Wengine wanasema vyote modeli, na nimeona watu wazima wakigombana. Msimamo wangu: kipimo kinachoihusu nyumba kikae na nyumba, ndani ya modeli, kwa staili inayojirekebisha kulingana na skeli ya vyupoti. AutoCAD inayo tangu toleo la 2008, na kipimo cha namna hiyo kinatoka na kimo kilekile cha herufi kwa 1:50 na kwa 1:100. Leiauti ibaki na vichwa vya michoro, maelezo ya jumla, fremu na majedwali. Kipimo cha leiauti kinaweza kuachana na ukuta vyupoti ikisogezwa, na kikiachana hakikuambii.

Dhana: Kingo za vyupoti lazima zitoke kwenye karatasi

Ziweke kwenye leya yake, ifungie isiprinti.

Dhana: Kuploti kutoka modeli ni kosa siku zote

Hii ni ya walioipenda leiauti mpaka wakapitiliza. Mchoro mmoja, skeli moja, karatasi moja ya kukagua kwa kalamu nyekundu: modeli inatosha. Kiungo cha mbao na bati nikikichora cha kumwonyesha seremala, naploti kutoka modeli, dirisha dogo, 1:5 iliyoandikwa kwa mkono na si fiti, A4, dakika mbili. Naweka rula, anaondoka nacho.